Namna ya kukusanya nyimbo za maisha ya mzee wako

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya nyimbo za watu wa nyumbani kwetu: za bibi mzaa mama anayeishi kijijini wilayani Chamwino, za baba aliyestaafu kazi ya reli, na sasa nimeanza zangu mwenyewe. Nafanya hivi kwa sababu nimeona kwamba nyimbo za mtu zinakupa maisha yake kwa namna ambayo maswali ya kawaida hayakupi. Nani alimlea, alimwogopa nani, alitaka kuolewa na nani kabla ya babu, alisali vipi mwaka wa njaa. Yapo mambo ambayo bibi hajawahi kuyasimulia tukiwa tunakula, akayasema katikati ya wimbo kisha akaendelea kuimba.

Nitaeleza ninavyofanya ili nawe ufanye kwa mzee wako, awe Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, au mtu wa pwani aliyehamia huku na wizara yake.

Muulize kazi

Ukimwambia mzee akuimbie nyimbo za zamani, atakujibu amesahau. Hakudanganyi. Kwa wazee wetu wimbo ulikuwa ndani ya shughuli: kutwanga uwele, kusaga kwenye jiwe, kupalilia, kuchunga, kumbembeleza mtoto mgongoni, kumsindikiza bibi harusi. Ukiitaja shughuli, wimbo wake unafuata. Ukiutafuta wimbo peke yake, haupati.

Kwa hiyo anza na mikono.

"Bibi, mlikuwa mnatwanga wangapi kwenye kinu kimoja?"

"Watatu, mjukuu wangu. Kinu kikiwa kikubwa, wanne."

"Na michi haikugongana?"

Akacheka, akaanza kupiga pajani kwa kiganja, pigo moja zito na mawili mepesi, na wimbo ukatoka. Wimbo ndio uliokuwa ukipanga nani ashushe mchi na nani auinue. Bila wimbo, michi ingegongana kweli.

Kama kinu bado kipo, kitoe nje na utie uwele kidogo, hata kama siku hizi nafaka yote inakwenda mashine. Mpe mtoto mchanga ambebe kabla hujamuuliza nyimbo za kubembeleza. Mpe jembe. Nimemwona mzee aliyekaa kwenye kigoda akisema hana hata wimbo mmoja wa kulima, akasimama, akashika mpini, na maneno yakaja.

Maswali mengine yanayofungua mlango ni haya: Nani alikubeba mama yako akiwa shambani? Mlipokuwa mnachunga, mliitanaje kutoka kilima hiki mpaka kile? Siku ya harusi yako ni shangazi gani aliyeanzisha wimbo? Redio ya kwanza kijijini ilikuwa ya nani, na mlikaa wapi kuisikiliza? Swali la redio usiliache. Kila mzee niliyemuuliza anamkumbuka mwenye redio.

Anzia ujanani, urudi utotoni baadaye

Wengi huanza na utoto kwa kuwa ndio mwanzo wa maisha. Mimi naanza na ujana. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wameona, katika nchi nyingi, kwamba mambo ya kati ya umri wa miaka 10 hivi na mwishoni mwa miaka ya 20 hubaki kichwani kwa nguvu kuliko ya vipindi vingine, na muziki ni mmojawapo. Ni umri ambao mtu anafanya mambo mengi kwa mara ya kwanza: anapenda, anaondoka nyumbani, anazaa, anajiunga na kwaya au kikundi cha ngoma. Nyimbo za miaka hiyo zinakuja haraka, mzee anapata moyo, na zile za utotoni zinafuata taratibu.

Piga hesabu kabla hujaenda. Mzee wa miaka 80 leo alikuwa katika umri huo kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuna Uhuru wa 1961, Muungano wa 1964, Azimio la Arusha la 1967, na kwa watu wa huku kuna Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, kaya zilizokuwa zimetawanyika zilipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Taja tukio, achana na mwaka. Bibi yangu hajui mwaka aliohamishwa, lakini anajua kwamba mjomba wangu mdogo alikuwa mgongoni, kwamba tembe lao liliachwa na miti yake mizuri, na kwamba wanawake waliimba njiani. Wimbo ule una mstari wa kusifu kijiji kipya na mstari wa kuuliza nani sasa atafagia makaburi. Viongozi waliokuja kuwapokea waliimbiwa mstari wa kwanza. Wa pili waliimbiana wenyewe.

Njaa pia ni alama nzuri ya wakati. Huku kwetu kila njaa kubwa ina jina, na Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, bado inatajwa na watu ambao hata mama zao walikuwa bado wadogo wakati huo. Muulize mzee alisikia nini kuihusu, kutoka kwa nani, na kama alikisikia kwa kuimbiwa.

Walete wenzake

Hapa ndipo pana uzito kuliko pote, hasa kwa nyimbo za Kigogo.

Nindo na msunyunho, ambazo ni aina za nyimbo za kuimbwa na kundi, hazikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaingia kila mmoja kwa sauti yake, za chini na za juu, zinapishana na kukutana. Ukimrekodi mzee peke yake, anakupa sehemu yake tu. Utamsikia anaimba mstari, ananyamaza kwa kipimo, anaendelea, ananyamaza tena. Usidhani amesahau. Anawaachia wenzake nafasi zao.

Muulize mlikuwa mnaimba na nani, kisha watafute walio hai. Kwa bibi tuliwapata wifi yake na jirani mmoja waliyekuwa naye katika kikundi cha ngoma cha kijiji. Tuliwapelekea bodaboda. Tukapika ugali wa uwele, mlenda na kuku. Simu haikutoka mfukoni mpaka watu waliposhiba na kumaliza habari za nani amefariki na nani mgonjwa. Usiwanyime muda huo. Ni nusu ya kazi.

Walipoanza, wimbo ambao kwa bibi peke yake ulisikika wa polepole na wa huzuni ukageuka kabisa. Wifi aliingia kwa sauti nyembamba juu yake, jirani akajibu chini, na miguu ikaanza kwenda. Ulikuwa wimbo wa kuwacheka wanaume wavivu wa kulima. Nisingejua hilo kama ningebaki na sauti moja.

Muheme, mchezo wa wanawake wa Kigogo, unahitaji ngoma. Wanawake huziweka katikati ya mapaja na kupiga kwa viganja, na mapigo ndiyo yanayoita maneno. Ngoma ikikosekana, ndoo ya plastiki iliyopinduliwa inatosha kushika mapigo, ingawa sauti yake si yenyewe. Azima ngoma ukiweza.

Kuna jambo la kusema wazi kuhusu muheme. Zamani ulifungamana na tohara ya wasichana, na baadhi ya bibi zetu wakiusikia wanakumbuka kwanza siku ile ya maumivu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 imekataza kukeketa msichana wa chini ya miaka 18, nami nafurahi kwamba binti yangu anaicheza ngoma hii kwenye harusi bila kupitia walichopitia wao. Ngoma imebaki na wembe unaondoka, na ndivyo ninavyotaka iendelee. Lakini unapomrekodi bibi, usimharakishe aingie kwenye furaha ya mapigo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akitaka kusema, sikiliza, na umuulize kama maneno hayo yabaki kwenye simu au yafutwe.

Namna ya kurekodi

Simu yako inatosha. Iwe na chaji na nafasi ya kutosha, na uibonyeze alama ya ndege ili mtu asikupigie katikati ya wimbo.

Adui mkubwa huku ni upepo. Wakati wa kiangazi unaweza kuvuma karibu mchana kutwa, na kipaza sauti cha simu kinaugeuza kuwa ngurumo. Rekodi asubuhi mapema, au ingia ndani. Kama tembe la zamani bado lipo, hilo ndilo studio yako: kuta nene za udongo na paa la udongo vinatuliza sauti vizuri kuliko sebule yenye sakafu ya vigae. Nyumba ya bati iepuke mvua inaponyesha, na saa za jua kali bati linapoalika.

Usiweke simu juu ya meza tupu, maana kila kikombe kitakachoguswa kitasikika. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa, umbali wa shubiri mbili au tatu kutoka kwa mwimbaji. Waimbaji wakiwa watatu, wapange nusu duara na simu katikati. Anza kwa kutaja wewe mwenyewe tarehe, kijiji na majina ya waliopo. Wimbo ukiisha usizime haraka, kwa sababu maneno mazuri huja baada ya wimbo: "huu alinifundisha dada yangu aliyefariki Mpwapwa". Piga na video chache ili mikono na miguu ionekane.

Ukirekodi ilimba, ala ya kisanduku chenye funguo za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, zingatia hili. Ule mvumo kama wa nyuki unaosikika chini ya noti si kasoro. Mafundi huweka utando wa buibui kwenye vitundu vya kisanduku, na vipete kwenye funguo za chuma, makusudi sauti ivume. Programu nyingi za simu zina kitufe cha kuondoa kelele, na kikiwashwa kinaufuta mvumo huo wote. Kizime. Ukitaka kujua ilimba inapaswa kusikika vipi, tafuta rekodi za Hukwe Zawose, mtu wa Doloma hapa hapa mkoani Dodoma, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuupeleka muziki wa Wagogo duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Sikiliza jinsi mvumo unavyokaa chini ya sauti yake. Mjomba wangu mkubwa, anayepiga zeze na ilimba kidogo, akisikia ilimba iliyosafishwa na simu husema imekatwa ulimi.

Kuhusu ruhusa niseme kwa ufupi. Uliza kabla, na uulize tena baada ya kumsikilizisha. Nyimbo za jando na unyago si za kila sikio. Mzee akisema huu haurekodiwi, funga simu, iweke mbali aione iko mbali, usikilize tu. Na usirushe kitu kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla hajakubali.

Wazee wa redio, dansi na kwaya

Si kila mzee ni wa ngoma. Baba yangu alikulia kwenye nyumba za reli, na utoto wake ulikuwa redio ya jirani na kengele ya stesheni. Kwa mtu wa namna hii njia inageuka: wewe ndiye unayeleta wimbo. Pakua nyimbo za bendi za ujana wake, mpigie, kisha usimamishe katikati. Ataendelea mwenyewe. Baba alimalizia si maneno tu, alimalizia na gitaa la solo kwa mdomo, kisha akaanza kusimulia ukumbi, suruali aliyovaa na rafiki aliyemkopesha viatu. Nilipompigia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, alisimulia siku ya Januari 1979 walipopata habari kwamba amefariki kwa ajali ya gari kule Kenya, na mafundi karakana walivyoacha kazi. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akizungumzia huzuni ya wanaume wenzake.

Baada ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalikuja matangazo ya vifo. Muulize na hayo. Kwa wengi wa umri wake redio ilileta dansi na msiba kutoka kwenye kisanduku kile kile.

Kwaya nayo ina utajiri wake. Wamisionari wengi wa mwanzo waliwakataza waumini ngoma, na wapo wazee walioimba nyimbo za kitabu kanisani asubuhi na nindo jioni bila mchungaji kujua. Leo kayamba na ngoma vinapigwa madhabahuni. Mwulize mzee aliyeyaona yote mawili alijisikiaje siku ngoma ilipoingia kanisani. Bibi alisema alilia, na hakutaka kueleza zaidi.

Kutunza

Ipe kila rekodi jina linaloeleweka: mwaka, mwimbaji, shughuli. "2024 bibi kutwanga" itapatikana. Namba ndefu zinazowekwa na simu hazitapatikana. Weka nakala sehemu tatu, yaani kwenye simu, kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine, na mtandaoni kama bando linaruhusu. Kisha chukua daftari uandike maneno, kwa Kigogo kama yalivyoimbwa, na tafsiri kwa Kiswahili chini yake. Neno usilolielewa muulize siku inayofuata, siyo wakati wa kuimba.

Zirudishe kwenye matumizi

Rekodi ikikaa kwenye flashi haijafanya kazi yake.

Kwa mzee anayeanza kusahau, tumia nyimbo zile za ujana wake. Mara nyingi wimbo unabaki hata majina ya watoto yanapopotea. Mpigie moja au mbili kabla ya shughuli inayomtia wasiwasi, kama kuoga au kwenda hospitali, kwa sauti ya wastani, na uimbe naye. Redio isiwake kutwa nzima, itamchosha. Uso ukibadilika kwa huzuni, zima, umshike mkono, usiupige tena wimbo huo bila kumuuliza.

Kwa aliyepata kiharusi, jaribu wimbo hata kama hawezi kusema neno. Jirani yetu mmoja alipoteza usemi kabisa, lakini waimbaji wenzake wa kwaya walipokuja kumjulia hali na kuanza wimbo, aliimba ubeti mzima kwa maneno yaliyonyooka. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba hushirikisha pia ule wa kulia. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani walichapisha njia ya kufundisha wagonjwa kusema tena kwa kuanza na kuimba, na hadi leo inatumika. Wimbo wa nyumbani hauchukui nafasi ya mtaalamu. Mwambie daktari ulichokiona.

Mjamzito aimbe. Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto anasikia sauti ya mama yake tumboni, na akizaliwa anaitambua. Binti wa dada yangu alijifunza wimbo wa kubembeleza wa bibi kutoka kwenye rekodi akiwa na mimba, na sasa ndio wimbo pekee unaomlaza mtoto wake.

Na wewe mwenyewe andika za kwako. Mimi nilianza na nyimbo za mchakamchaka za shule ya msingi, asubuhi ya baridi ya Juni, vumbi puani, kiranja akianzisha na sisi tukiitikia kwa miguu. Zikafuata za kaseti za kaka yangu, kisha bongo fleva za mwanzo, kisha ule uliopigwa siku ya harusi yangu. Kila mmoja uandikie mstari mmoja: nani alikuwepo.

Kwa vijana wanaoshinda na spika za masikioni, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Binti yangu nilimwekea kikomo hicho kwenye simu, kwa sababu nataka akifika umri wa bibi yake awe bado anasikia wifi akiingia juu.

Kisha mgawie kila mtoto wimbo mmoja. Asijifunze wote, mmoja tu, wa kwake, na ajifunze kwa mzee ana kwa ana wakati mzee bado anaweza kumkatiza na kumwambia amekosea. Rekodi ni ya kujikumbushia nyumbani. Likizo ya Desemba ni nzuri kwa hili, mvua zimeanza na watu wanapanda, na nyimbo za shamba zinaimbiwa shambani. Mwanangu amepewa ule wa kuwacheka wanaume wavivu. Bibi ndiye aliyemchagulia, na amemwambia hataruhusiwa kuuimba akiwa amekaa.